Hizo nyuzi za njano kwa fensi yako si mlangamia wa pwani, na tofauti yake ni muhimu

Siku hizi ukizunguka Nairobi na Kiambu huko utaona fensi nyingi zimefunikwa na nyuzi za njano mpaka kayaba yenyewe, ule mmea wa fensi, haionekani, na watu wanapita tu, wengine wanapiga picha manake jua likiipiga ile rangi kweli inapendeza. Mimi kazi yangu ni bustani, nimezaliwa Kilifi nikaja kufanyia kazi huku bara, kwa hiyo kila ninapoitwa kupanda maua ama kupunguza fensi lazima mtu aniulize, "hii si ndiyo mlangamia wenu wa pwani?" Na nikisema hapana naona mtu anashangaa, manake kwa macho vinafanana kabisa, yani hata mtu wa pwani mwenyewe akiviona kwa mbali atasema ni kitu kimoja.

Sasa nimeamua niandike hapa vizuri, kwa sababu hii ni mimea miwili tofauti inayonyonya mimea mingine, kuna mmoja ambao unaweza kuishi nao bila shida kubwa na kuna mwingine ambao ukiuacha msimu mzima fensi inakufa halafu unahamia kwa parachichi na miembe ya jirani. Dawa yake haianzi na panga, inaanza na kujua uko na upi.

Mlangamia wa pwani ni ule wataalamu wanauita Cassytha filiformis. Ukitembea ufuoni kutoka Lamu mpaka Mombasa, ukashuka Tanga na Dar, ukavuka Unguja, utaukuta umejitandaza juu ya vichaka vya mchangani, juu ya mivinje, juu ya yale majani ya maua ya zambarau yanayotambaa karibu na maji, na mara nyingine hata juu ya mkorosho ama mwarobaini. Huu mwingine wa Nairobi ni kaskuta, jenasi ya Cuscuta, na ndani ya kaskuta kuna aina karibu 200 duniani, hapa kwetu nitazungumzia tatu ambazo mtu anaweza kukutana nazo.

Vyote viwili havina majani ya kuonekana, ukiangalia karibu sana utaona vigamba vidogo tu mahali jani lingekuwa. Vyote viwili ukifuata uzi mpaka chini hutapata mzizi ardhini. Vyote viwili vinajizungusha kwenye tawi la mti mwingine halafu vinatoa vinyonyeo, vile vifundo vidogo vilivyobanana upande wa ndani ambapo uzi umegusana na tawi, na kupitia hivyo vinaingia mpaka kwenye mirija ya mti na kunyonya. Kwa macho ya haraka yote ni tambi zimemwagwa juu ya fensi.

Lakini hivi vitu si ndugu hata kidogo, na hapa ndipo mimi huwa napenda sana. Kaskuta iko kwenye familia moja na kiazi kitamu. Ndiyo, kiazi kitamu hiki tunachochemsha asubuhi, pamoja na yale maua ya asubuhi yanayopanda kwenye waya. Mlangamia uko kwenye familia ya parachichi na mdalasini. Yani familia mbili ambazo hazina uhusiano wa karibu, kila moja kwa wakati wake na kwa njia yake ikaacha majani, ikaacha mizizi, ikaanza maisha ya kunyonya, na mwishowe zikatokea na sura moja. Ukishajua hivyo utaelewa kwa nini ukitaka kuzitofautisha usiangalie zile nyuzi, angalia maua na matunda, manake nyuzi zimefanana kwa sababu ya kazi zinazofanya lakini ua bado linabeba ukoo.

Haya tuanze na matunda kwa sababu ni rahisi na mtu yeyote anaweza. Mlangamia unazaa tunda la mviringo lenye nyama, kama milimita 7 hivi, la kijani hafifu ama jeupe au linaloelekea njano, ukilibonyeza linatoa maji na ndani kuna mbegu moja tu ngumu. Ndege wanalila na ndio wanaosambaza. Kaskuta haina kitu kama hicho. Yake ni vidonge vikavu, vimeshikana makundi makundi, na ndani ya kidonge kimoja unaweza kupata mpaka mbegu nne. Kwa hiyo ukikuta tunda la kubonyeza, mbegu moja, hapo maswali yameisha, huo ni mlangamia, hata kama uko wapi.

Maua nayo yanasema wazi ila itabidi uiname na uwe na simu yenye kamera nzuri ama kioo cha kukuza. Ua la mlangamia ni dogo sana, kama milimita mbili, na ukilihesabu utapata vipande sita, vitatu vidogo vya nje na vitatu vikubwa kidogo vya ndani. Yanakaa yakiwa yametengana tengana kwenye kijikonyo kimoja, kama moja hapa na moja pale. Ua la kaskuta lina ncha tano, mara chache nne, na zimeungana chini zikafanya kikombe ama kengele ndogo, na maua yake mengi yanasongamana pamoja. Tatu kwa tatu ni mlangamia, tano ni kaskuta. Hii naomba mtu aikariri manake haidanganyi.

Sasa kama hakuna ua wala tunda, hapo tumia vidole na pua. Kata kipande cha uzi ukisugue sana halafu unuse. Mlangamia una harufu fulani ya viungo hivi, si kali sana lakini ipo, na ukikumbuka ni familia ya mdalasini utaona inaingia akilini. Kaskuta haina hiyo harufu, ni ubichi tu. Halafu vuta. Mlangamia ni mgumu, wa miaka mingi, nyuzi zake za zamani zinakuwa karibu kama kijiti, na zile changa ukizipitisha kidoleni unaweza kusikia vinywele vidogo. Kaskuta ni laini, imejaa maji, haina nywele, inakatika kwa urahisi, na huko kukatika kwa urahisi ndiko kunakoleta matatizo, nitafika hapo.

Rangi msiiamini. Najua kila mtu anaanza na rangi, "ya kwetu ni ya njano", "ile ya kule ni ya kijani", lakini mlangamia wenyewe kivulini unakuwa kijani kabisa na juani unageuka rangi ya chungwa, na kaskuta nayo kuna wakati inakuwa na ukijani hasa ile nene, au ikiwa haijapata chakula cha kutosha. Nimeona fensi moja ambapo upande wa barabara ni njano na upande wa ndani ni kijani na ni mmea mmoja huo huo. Mahali pia kunasaidia lakini kusikufanye ukahukumu, kwa hapa kwetu mlangamia kwao ni pwani na kaskuta kubwa tunaiona zaidi bara, ila mmea hausomi ramani na watu wanabeba vitu.

Tuje kwa kaskuta zenyewe manake hizo pia zinachanganywa, na hapa ndipo pesa za mkulima zinapotea.

Ya kwanza ni Cuscuta reflexa, mimi naiita kaskuta kubwa. Hii si ya kwetu, asili yake ni Asia, India na Pakistan na majirani zao. Nyuzi zake ni nene, kama milimita mbili ama tatu, njano yenye ukijani, mara nyingi na vidoadoa vyekundu ukiangalia karibu. Haishughuliki na mboga, yenyewe inataka miti na vichaka: kayaba, bogenvilia, duranta, ule mti wa sumu wenye maua ya njano ambao watu wanapenda kuupanda getini, na miti ya matunda. Maua yake ni meupe, yana umbo la kengele ndefu kidogo, ncha zimekunjwa kwenda nje, na yananukia vizuri, ukikaribia fensi iliyochanua utaisikia kabla hujaiona. Kitu cha kumaliza ubishi ni katikati ya ua. Kaskuta kubwa ina kijiti kimoja tu kifupi sana, na juu yake kuna ndimi mbili ndefu.

Ya pili ni Cuscuta campestris, kaskuta ya shambani, hii ilitoka Amerika Kaskazini na imezunguka dunia nzima ikiwa imejificha ndani ya mbegu za watu, hasa mbegu za alfalfa, yale majani ya kulisha ng'ombe. Nyuzi zake ni nyembamba sana, chini ya milimita moja mara nyingi, njano ama rangi ya chungwa, na zinakaa chini kwenye mimea laini: nyanya, karoti, vitunguu, viazi, alfalfa yenyewe, na magugu ya kando. Maua ni madogo, milimita mbili tatu, yamefungwa pamoja kwenye vijirundo vya kama sentimita moja. Katikati ya ua kuna vijiti viwili vilivyotengana, kila kimoja kina kichwa cha mviringo juu. Viwili vyenye vichwa, si kimoja chenye ndimi. Ukipiga picha kwa karibu ukaivuta utaviona.

Ya tatu ni Cuscuta kilimanjari, na hii ndiyo inanisikitisha manake inauawa bure. Hii ni ya kwetu, ya milima ya Afrika Mashariki, inakaa kwenye vichaka vya pembeni mwa misitu ya baridi, na jina limetoka kwa mlima wenyewe. Nyuzi zake ni nene karibu sawa na za kaskuta kubwa, ndiyo maana watu wanazichanganya, lakini zina rangi ya zambarau na maua yake ni ya krimu, mazito, yanakaa kama yamepakwa nta. Na katikati kuna vijiti viwili kama ile ya shambani. Kwa hiyo ukipata nyuzi nene, uko milimani, fungua ua moja uangalie ndani kabla hujawasha moto: viwili ni mwenyeji wa msituni ambaye yuko kwake, kimoja ni mgeni wa Asia na huyo usimhurumie. Hata hivyo kama hiyo ya mlimani imeingia shambani kwako una haki ya kuitoa shambani, ninachokataa ni watu kuifuata mpaka msituni.

Nirudi kwa swali la mama mmoja wa Limuru aliyeniita, yeye fensi yake ilikuwa ya kayaba imezeeka, nzuri sana, na upande mmoja ulikuwa umeshafunikwa wote. Akaniambia, "Kijana, mimi hii naiacha, inanipa rangi, na si inakula tu kayaba, kayaba haifi." Nikamwambia mama, kwa heshima, kayaba inakufa, tena twende nikuonyeshe. Tukafungua zile nyuzi katikati, ndani matawi yalikuwa makavu kabisa yanavunjika kwa mkono, hakuna jani hata moja. Halafu nikamwonyesha uzi uliokuwa umeshavuka juu na kushika tawi la parachichi lake upande wa pili. Hapo ndipo akanyamaza, halafu akaniuliza, "sasa tunafanyaje?" Ni mti wa parachichi ndio ulimfanya akubali, si maelezo yangu.

Na si parachichi peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzao walitoa utafiti mwaka 2021 wakionya kwamba hizi kaskuta ni tishio kwa mashamba ya Afrika Mashariki, na miongoni mwa mimea waliyoitaja ni chai, kahawa na maembe. Chai na kahawa jamani. Hiyo ni karo ya watoto wa watu wengi sana Kenya na Uganda na Tanzania na Rwanda. Fensi ya kando ya shamba la chai ikiwa na kaskuta kubwa, ile si mapambo, ile ni daraja.

Inavyosambaa ndiyo inaniuma zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ni mikono yetu. Kaskuta kubwa haihitaji mbegu kufika mahali papya, kipande kidogo tu cha uzi kikianguka juu ya tawi bichi la mti inaoupenda kinajizungusha, kinatoa vinyonyeo, na maisha yanaendelea. Sasa fikiria mtu anaipiga panga fensi, vipande vinaruka kila upande, vingine vinarushwa barabarani, vingine vinapakiwa pikapu wazi vinadondoka njia nzima mpaka mahali pa kutupa taka. Na kuna wale wanaokata wenyewe kipande na kukirusha juu ya fensi yao kwa sababu wameipenda rangi. Hii nimeiona kwa macho yangu na niliposimama kuongea nao walishtuka, hawakujua ni kitu kinachoua, walidhani ni ua tu la kupanda.

Ile ya shambani yenyewe inategemea mbegu zaidi. Mbegu ni ndogo, ngumu, zinaweza kukaa ardhini miaka zaidi ya 10 zikisubiri, na zinapita tumboni mwa ng'ombe na mbuzi zikatoka bado hai, kwa hiyo ukilisha mifugo nyasi zenye kaskuta yenye mbegu halafu ukatupa samadi shambani umeipanda tena mwenyewe. Mbegu ikiota inatoa uzi mwembamba usio na majani na usio na mzizi wa maana, ina siku chache tu za kutafuta mmea wa kushika la sivyo inakufa. Na haitafuti kwa kubahatisha, mwaka 2006 watafiti Marekani walionyesha kwamba mche wa kaskuta unaelekea kwenye harufu ya nyanya, yani wanausogezea harufu tu bila nyanya yenyewe na unainamia huko, na ukipewa nyanya na ngano unachagua nyanya. Nilipoisoma hiyo nilikaa nikaiwaza muda mrefu, mmea usio na jicho wala pua unachagua jirani wa kumla.

Hiyo ya ngano ina faida kwa mkulima. Kaskuta ya shambani kwa kawaida haiwezi mimea ya jamii ya nyasi, yani mahindi, mtama, ngano. Kwa hiyo kipande kilichoingiliwa panda mahindi misimu kadhaa, ng'oa magugu ya majani mapana yanayoota katikati manake hayo yatailisha, na mbegu zitakazoota zitakufa kwa njaa. Haiondoi zote kwa sababu ya ile miaka ya kukaa ardhini lakini inapunguza sana. Na mbegu zako za alfalfa nunua mahali unapoamini, zimwage kwenye karatasi nyeupe kwanza uziangalie, zile za kaskuta ni ndogo, kama milimita moja na nusu, kahawia na ngozi inayokwaruza.

Ukikuta nyanya au karoti zimeshikwa, usikae hapo unajaribu kufungua uzi mmoja mmoja. Ng'oa na mmea wenyewe uliobeba, tia kwenye gunia, choma. Najua inauma kung'oa nyanya yenye matunda mabichi lakini ukiacha mmoja unapoteza mstari mzima. Fanya kabla haijachanua, ikishafika kwenye vidonge vikavu kila ukiigusa mbegu zinamwagika.

Kwa fensi na miti, ni hivi. Kata tawi la mti wenyewe, chini ya pale uzi wa mwisho ulipojizungusha, usivute nyuzi ukaacha tawi. Sababu ni kwamba vile vinyonyeo vimeingia ndani ya tawi na vinaweza kuchipua tena hata kama kwa nje umesafisha ukaridhika. Tandaza turubai chini kwanza ndio uanze kukata, kila kipande kianguke hapo. Kunja turubai, choma hapo hapo kwenye boma kama inaruhusiwa mtaani kwenu, ama funga kwenye mifuko myeusi uiache juani mpaka iwe imekauka kabisa. Usiweke kwenye mboji. Usimpe mbuzi. Kama fensi imeshikwa zaidi ya nusu, ikate chini yote karibu na ardhi, kayaba na bogenvilia zitachipua tena, na wakati zinachipua uwe unapita kila wiki. Dawa za kuua magugu sizipendi hapa kwa sababu ikiiua kaskuta itaua na mti ulioibeba, na kama ni hivyo afadhali msumeno.

Na ongea na jirani. Fensi ina pande mbili, ukisafisha upande wako lakini wake ukabaki utarudi kwa kazi hiyo hiyo.

Sasa mlangamia wetu wa pwani, huo mimi nausimamia. Huo ni mmea wa ufuo, upo pwani zote za joto duniani, na kwenye vile vichaka vya mchangani uko mahali pake pamoja na ndege wanaokula matunda yake. Huko Florida mwaka 2018 watafiti walieleza kitu cha ajabu, kwamba mmea huu huu mmoja, Cassytha filiformis, unapachika vinyonyeo vyake kwenye vile vivimbe ambavyo nyigu wadogo wanatengeneza kwenye majani ya mialoni, na nyigu waliomo ndani wanakufa wakiwa wamenyauka. Yani unanyonya mti na kupitia mti unammaliza mdudu. Kuna mambo mengi unayofanya ambayo bado hayajaangaliwa kwetu, na itakuwa hasara kuufyeka ufuoni kwa sababu mtu ameona video ya kaskuta ya Nairobi akaogopa.

Isipokuwa kama umepanda kwenye mkorosho ama mwembe wako. Hapo utoe, na njia ni ile ile ya kukata tawi chini ya pale uliposhika, ila tofauti ni kwamba huu unakua pole pole zaidi na ukiuwahi kila mwaka kabla matunda hayajaiva hautakusumbua sana. Angalia pia nyasi na vichaka chini ya mti, mara nyingi unapandia hapo, kwa hiyo kusafisha duara chini ya mkorosho kunasaidia kuliko kupanda juu na panga kila mara.

Kuna jambo la dawa ambalo lazima niseme manake nimeona watu wanauziana. Mlangamia unatumika kwenye dawa za asili sehemu nyingi, na wazee wanaojua wanajua wanachofanya, lakini una alkaloidi, yani kemikali kali, ndani yake na ukizidisha unaweza kudhuru. Sasa mtu wa bara anasikia mlangamia ni dawa, anaona nyuzi za njano kwa fensi, anachuma, anachemsha. Kwanza hujachuma mlangamia, umechuma kaskuta. Pili, hizi nyuzi zinanyonya na kemikali za mti zilioushika, na kama zimeshika ule mti wa maua ya njano wa getini, ule una sumu ya moyo, mbegu zake zinaua watu. Huwezi kujua umenywa nini. Tafadhali usinywe, usimpe mtoto, na kama mtu ameshakunywa na anatapika au moyo unamwenda vibaya mpeleke hospitali na ubebe na kipande cha mti uliochumia pamoja na nyuzi zenyewe.

Mwisho, kama bado huna uhakika na unataka kumuuliza mtu anayejua, afisa wa kilimo wa wadi yenu ama mtu wa bustani, usimtumie picha ya fensi nzima kutoka barabarani, kwa hiyo picha hata mtaalamu hawezi. Piga uzi ukiwa umelala kando ya sarafu ya shilingi kumi ili unene uonekane. Piga ua moja kwa karibu kutoka juu ili ncha zihesabike, halafu lipasue kwa kucha upige katikati yake. Piga tunda likiwa zima na lingine likiwa limekatwa. Taja mti uliobeba na mahali ulipo, na useme kama ukisugua uzi unasikia harufu ya viungo ama hapana.

Kama utabeba sampuli, iwe ndani ya mfuko uliofungwa kabisa, na ukimaliza kuionyesha uichome huko huko.